Kidole Nilichokitia Hina

Kila nikirudi chuo cha Kurani jioni nilitandika mkeka ukumbini kwetu, Kikwajuni, nikakaa na bibi yangu, Bi Mwanamkasi, tukashona kofia. Bibi alitoboa viua, vile vitundu vidogo vya nakshi, nami nikavizungushia uzi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na wanawake wa mtaani walisema nina mkono mwepesi kuliko binti zao. Siwafichi, nilipenda sana kuyasikia hayo.

Mwaka huo kaka yangu Talib alikuwa anaoa, na kofia yake ya harusi nikapewa mimi.

"Ukichoka sema," bibi aliniambia, "nitampa Biasha aimalizie."

Biasha ni binti ammi yangu, na ulimi wake naujua. Nikaapa moyoni kwamba sichoki.

Jumamosi sindano ikanichoma kwenye ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Mshona kofia huchomwa kila siku, kwa hiyo nilifyonza damu nikaendelea. Jumatatu kidole kikavimba, kinapwita mpaka nikashindwa kula. Jumanne usaha wa manjano ulionekana chini ya ngozi. Alikuwa mdudu wa kidole, na nilijua bibi akimwona tu, kofia inakwenda kwa Biasha.

Hina ya harusi ilikuwa imeshakorogwa. Nikajitia vidole vyote kumi. Asubuhi vyote vilikuwa vyekundu, na kile kibovu kikajificha baina ya wenzake.

"Khairat," bibi akaniita.

"Naam, bibi."

"Mbona umewahi hina? Si kesho tunatiwa sote?"

"Nilikuwa na hamu, bibi."

Akacheka, akaniita bibi harusi. Nilimdanganya mtu aliyenilea, na siku ile nilijiona hodari.

Alhamisi asubuhi nikaimaliza kofia. Nilipompa bibi, vidole vyetu vikagusana, akahisi joto la homa. Akaukamata mkono wangu. Kidole kilikuwa kimejikunja nusu, hakinyooki, na uvimbe umeshafika kiganjani.

"Kimekuanza lini?"

"Jumatatu."

Hakunigombeza. Alikaa chini akalia, na mimi sikuwahi kumwona bibi yangu akilia.

Hospitali tulipokewa na Daktari Arwa. Alikitazama kidole, akakinyoosha kidogo tu, nikapiga ukelele.

"Hina hii inanificha wekundu," alisema. "Ungekuja siku ya kwanza, pengine dawa na maji ya vuguvugu vingetosha. Ungekuja siku ya pili, ningepasua kidogo ncha ya kidole, usaha ukatoka. Sasa umeshaingia ndani, kwenye kano, zile kamba zinazokunja kidole. Lazima tukusafishe leo leo."

Nikapasuliwa, nikalazwa, nikawa natiwa dawa kwa sindano huku mkono umeinuliwa juu ya mto. Ijumaa Talib akaoa. Baada ya nikaha alikuja kunionesha kofia, nayo ilimkaa vizuri. Alijaribu kutabasamu, akashindwa, akabaki kuupapasa mguu wangu juu ya shuka.

Jeraha lilipona. Nilifanya mazoezi wiki nyingi, lakini kidole kikabaki kigumu. Siku moja nikachukua kofia nishone. Kitambaa hakikukazika, kikaniponyoka. Nikajaribu tena na tena, kisha nikakiweka chini.

"Sitashona tena, bibi?"

"Sijui, mwanangu. Daktari hakuniahidi, na mimi sikuahidi."

Akasogea karibu yangu.

"Ungeniambia, kofia ile ningempa Biasha, na wiki ya pili ningekupa nyingine. Mwili ukiuma, sema siku hiyo hiyo, usiufiche wala usiupambe. Hukuniudhi kwa kuumwa, Khairat. Umeniudhi kwa kunificha."

Sauti yake ikashuka.

"Na mimi nina langu kosa. Nilikusifu mkono mno, hata ukadhani bila ya mkono huo hatukupendi."

Hapo nikalia kwa sauti, kwa maana ndivyo hasa nilivyodhani. Bibi akakishika kile kidole kigumu, akaanza kukikunja taratibu kama alivyofundishwa hospitali, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni.