Maji ya Kisima cha Geleto

Kila asubuhi Shure aliwasha moto kabla jua halijatoka. Alichemsha maji ya kisima kwenye sufuria kubwa. Mengine alipikia kahawa, mengine aliyaacha yapoe yawe ya kunywa. Nesi wa zahanati alimwambia achemshe maji, na tangu siku hiyo hakuacha. Watoto wake hawakuharisha. Lakini wote watatu wakubwa walikuwa na meno ya kahawia.

"Wavivu wa kupiga mswaki hao," watu walisema.

Momina, binti wa kwanza, alipiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Meno yalibaki vilevile. Akazoea kucheka huku amejifunika mdomo kwa mtandio.

Kisima kilikuwa cha baba yake, Geleto. Alikichimba kwa mikono yake mwaka ule alipohama milimani na mkewe, wakaja kukaa bondeni karibu na ziwa la Ziway. Momina alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kisima kilikuwa kirefu, na hata kiangazi hakikukauka. Nyumba kumi na moja zilichota pale bure. Geleto alipenda kukaa kando yake akipokea salamu. Siku hizi alikaa zaidi kuliko kusimama. Mgongo ulikuwa umekakamaa. Hakuweza kuinama kufunga viatu, na hakuwa hata na miaka hamsini.

Momina alipofaulu mtihani wa mwisho wa shule, baba alitaka awe nesi. Wizara ikampangia shahada ya sayansi ya mazingira.

"Mazingira ndiyo nini?" Geleto aliuliza. "Miaka minne kujifunza kupanda miti? Miti hata mimi napanda!"

"Hata mimi sijui, Baba," alisema Momina. "Nitakwenda nione."

Akaenda chuo kikuu mjini Hawassa. Alidhani atasoma misitu na wanyama. Akakuta kemia, hesabu, udongo, miamba na sheria za maji. Mwaka wa kwanza alitaka kuhama masomo mara mbili. Aliandika barua ya kuomba, akaichana.

Mwaka wa tatu mwalimu wao, Dokta Worknesh, alitoa kazi. Kila mwanafunzi alete chupa ya maji ya nyumbani kwao, ayapime mwenyewe maabara.

Momina akapima yake. Kipimo kikasoma sita. Akaosha vyombo, akapima tena. Sita.

"Dokta, nimekosea mahali," alisema.

Dokta Worknesh akatazama. "Hujakosea. Hiyo ni floraidi. Ni madini yanayotoka kwenye mwamba chini ya ardhi. Kiwango salama ni miligramu moja na nusu kwa lita. Ya kwenu ni mara nne."

"Floraidi si ndiyo iko kwenye dawa ya meno?"

"Ndiyo. Kidogo inalinda jino. Ikizidi, inaliharibu jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Na mtu akinywa miaka mingi, inaingia kwenye mifupa. Viungo vinakakamaa."

 Momina alimwona baba yake akilini, akihangaika na viatu.

"Kwa hiyo meno yangu si uchafu?"

"Nani alikwambia ni uchafu?"

Machozi yakamtoka Momina. Kisha akayafuta haraka, kwani alikumbuka jambo. "Dokta, nyumbani kuna mtoto wa miezi sita. Sifan, mdogo wetu wa mwisho. Ijumaa Mama anamwanzishia uji."

"Basi usingoje likizo. Chukua kipimo cha mkononi. Pima visima vyote vya jirani. Vinaweza kuwa karibu na maji yake yakawa tofauti."

Jumatano Momina alifika nyumbani. Alhamisi alizunguka visima saba na daftari lake. Sita vilikuwa vibaya. Kimoja kilisoma chini ya moja. Kilikuwa kifupi, kiko juu kwenye mteremko, na maji yake yalijaa polepole. Mwenyewe alikuwa Bedhaso, ambaye Geleto hakuwa amesema naye miaka minne kwa ugomvi wa mpaka wa shamba.

Jioni Momina alieleza yote. Geleto akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa uchungu.

"Nimekupeleka shule uje kuniambia nawanywesha watu sumu?"

"Sijasema sumu, Baba. Na wewe hukuweka kitu. Ni mwamba."

"Mama yako anachemsha!"

"Kuchemsha kunaua vijidudu, ndiyo maana hatuugui tumbo. Lakini floraidi ni kama chumvi kwenye mchuzi. Mchuzi ukichemka ukapungua, chumvi inatoka?"

"Haitoki," Shure alisema. "Inazidi."

"Maji haya ni matamu," Geleto alisema. "Mgeni gani amewahi kuyatema?"

"Ulimi hauwezi kuionja, Baba. Lakini tazama. Wewe na Mama mlikulia milimani, meno yenu ni meupe. Sisi tuliokulia kwenye kisima hiki, hakuna hata mmoja. Sote tuwe wavivu?"

 Geleto akawatazama wanawe mmoja mmoja. Halafu akasema, "Nikamwombe maji Bedhaso? Bora ninywe tope!"

Shure hakubishana. Alimfunga Sifan mgongoni, akachukua dumu.

"Unakwenda wapi, Mama Momina?"

"Kwa Bedhaso. Mimi sina mpaka naye. Kesho mwanangu anakula uji."

Alirudi na dumu limejaa.  Asubuhi Geleto alichukua fimbo yake, akapanda mteremko taratibu. Momina alimfuata kwa nyuma.

Bedhaso alikuwa ananoa jembe. "Geleto! Umekuja kuomba maji au vita?"

"Vita mgongo hauruhusu," Geleto alijibu. "Kisima chako kina maji mazuri lakini hukukichimba vizuri. Kinajaa tone kwa tone kama machozi ya mchawi."

"Utanifundisha wewe?"

"Nani mwingine? Nitawaonyesha vijana namna ya kukipanua na kukijengea mawe. Nyumba zote zichote kwako maji ya kunywa na kupikia. Ya kufua, kuoga na kumwagilia vitunguu, zichote kwangu."

Bedhaso akaweka jembe chini. "Na mpaka?"

"Mpaka tutauzungumza tukishakunywa kahawa."

Ndivyo ilivyokuwa. Momina aliwaonyesha pia namna ya kukinga mvua kwenye bati: maji ya kwanza yaachwe yaoshe paa, yanayofuata yaingie kwenye pipa lenye mfuniko. Maji ya kunywa Shure aliendelea kuyachemsha. Kisha Momina akarudi chuoni. Kazi yake ya mwisho ya shahada ikawa juu ya visima vile saba, na baadaye akaajiriwa na ofisi ya maji ya wilaya.

Mgongo wa Geleto haukunyooka. Mifupa ikishakakamaa hairudi. Lakini maumivu hayakuzidi, na hilo alilishukuru. Momina na wadogo zake wawili walibaki na meno yao ya kahawia, ila hakuna tena aliyewaita wavivu.

Sifan alipofika miaka sita, meno yake ya mbele ya utotoni yaling'oka. Wiki kadhaa Geleto hakumpumzisha mtoto. Kila siku alimwambia apanue mdomo. Asubuhi moja akampigia simu Momina kazini.

"Yameota mawili," alisema.

"Yakoje, Baba?"

Geleto alisikika akimwambia Sifan apanue mdomo tena.

"Meupe," Geleto alisema. "Meupe kama maziwa, binti yangu."