Bibi Alipousifu Ukuta

Kila siku nikitoka shule nilipitia bekari alikofanya kazi Mama. Nilivua viatu mlangoni, nikanawa mikono, kisha nikapaka mafuta vibati vya kuokea mikate ya kesho yake. Mama hakutaka nilipue kazi. "Pembe, mwanangu, usisahau pembe," alikuwa akisema, "mkate hung'ang'ania kwenye pembe." Tukimaliza tulirudi nyumbani pamoja, tukinukia hamira mpaka paka wa jirani walitufuata.

Nyumbani tulikuwa wanne. Baba alikuwa fundi wa kutengeneza vyerehani, na meza yake ilijaa skrubu, sindano na mikanda iliyokatika. Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa bosi wa nyumba ingawa hakuna aliyemchagua. Mimi aliniita "mke mwenzangu", na kila jioni alinilalamikia kwamba nampokonya Babu, wakati Babu alifariki kabla sijazaliwa. Nilimpenda Bibi kuliko ninavyoweza kueleza.

Siku moja mwenye bekari alikuja nyumbani na habari. Alikuwa anafungua bekari nyingine katika mji wa milimani, mwendo wa siku nzima kwa basi, na alitaka Mama akawe msimamizi wake. Mama alifuta mikono kwenye kanga, ingawa mikono ilikuwa mikavu. Kwa miaka tisa alikuwa amekanda unga kwa amri ya watu wengine. Nilimwona akijizuia kutabasamu.

"Jamani, hatuhami kwa kusimuliwa," Baba alisema mgeni alipoondoka. "Likizo ndiyo hii. Twende tukakae wiki moja, tuone kwa macho yetu, ndipo tuamue."

Alininunulia daftari jipya, akachora mstari katikati ya kila ukurasa. Upande mmoja niliandika TWENDE, upande wa pili TUBAKI. Kila mtu angesema alichokiona, kizuri na kibaya, nami ningeandika. "Wewe ndiye karani wetu," Baba alisema. "Na karani haongezi wala hapunguzi." Jina la Karani halijanitoka mpaka leo.

Mji ule ulikuwa umejengwa kwenye mteremko mkali. Nyumba zilipandana, paa la hii likiwa sawa na mlango wa ile. Nyumba tuliyoazimwa na mwenye bekari ilikuwa juu kabisa, na kutoka barabarani mpaka mlangoni palikuwa na ngazi arobaini na mbili za mawe. Siku ya kwanza tu daftari lilianza kujaa. TWENDE: hakuna mbu hata mmoja, na shule iko karibu. TUBAKI: nguo hazikauki, maharage yako jikoni tangu asubuhi na bado ni magumu, na Baba hana koti. Baba alitaka hilo la koti lifutwe. Nilimkumbusha kwamba karani hapunguzi, akacheka mpaka akakohoa.

Mama naye alienda kujaribu tanuri la bekari mpya. Siku hiyo alirudi na mkate mmoja ndani ya kitambaa, akauweka mezani. Ulikuwa umebonyea katikati kama mto uliokaliwa. Alisema unga uliumuka haraka ajabu, ukamwagika nje ya vibati, na ulipoingia tanurini ukaporomoka wote.

"Miaka yote hii ninaoka, leo nimeaibika mbele ya vijana wa kazi," alisema. Kisha akanigeukia. "Andika, Karani. Tubaki. Mkate wa Mama umebonyea."

"Lazima niandike?"

"Andika vilevile ulivyo."

Kesho yake alikwenda kuwauliza waokaji wa mji ule. Wakamwambia kwamba huko juu hewa ni nyepesi, hivyo unga huumuka upesi, na mgeni yeyote lazima apunguze hamira. Siku ya tatu alileta mkate wa duara, mwekundu juu, laini ndani. Tuliula wote bila hata chai. Mama aliniamuru niandike TWENDE kwa herufi kubwa.

Mimi nilikuwa na langu. Karibu na shule palikuwa na maktaba, chumba kizima cha vitabu, na mkutubi alinikubalia nikae dirishani nisome mpaka wafunge. Shuleni kwetu vitabu vya hadithi vilikuwa saba tu, na vyote nilishavisoma mara tatu. Sitaficha: tangu saa ile mimi moyoni nilikuwa nimeshahama.

Siku ya nne niliambiwa nimsindikize Bibi sokoni. Wakati wa kwenda tuliteremka vizuri, tukipiga soga. Wakati wa kurudi, tulipoanza kupanda, Bibi alisimama mbele ya nyumba moja.

"Hebu tazama mlango huo, mke mwenzangu. Buluu gani hiyo! Babu yako alikuwa na shati la rangi hiyohiyo."

Mlango ulikuwa mzuri kweli. Tuliutazama, tukaendelea. Hatua chache mbele alisimama tena kumsifu paka aliyelala dirishani. Halafu akasifu shuka zilizoanikwa. Halafu akasifu ndoo. Nilianza kucheka, nikidhani Bibi ameingiwa na utalii. Kisha akasimama mbele ya ukuta, akauwekea kiganja.

"Ukuta mzuri huu," alisema.

Niliutazama. Ulikuwa ukuta wa saruji tupu, wa kijivu, bila rangi wala dirisha, umebanduka chini na kuota ukungu. Hapakuwa na cha kusifu hata kwa kutia chumvi. Ndipo nikamtazama Bibi mwenyewe. Kifua chake kilipanda na kushuka upesi, midomo imepauka, na ule mkono wake haukuugusa ukuta kwa kuupenda. Aliuegemea asianguke.

"Bibi, huwezi kupumua!"

"Shh! Nitapumua, hewa haijaisha." Alijaribu kucheka, sauti haikutoka vizuri. Alipopata nguvu akanishika bega. "Nisikilize. Usimwambie mtu. Mama yako amesubiri kazi hii miaka mingapi? Mimi mzee nisije nikawa mzigo wa kuwazuia. Nitazoea. Umesikia, mke mwenzangu?"

Ningeweza kukataa. Lakini niliikumbuka ile meza ya dirishani kule maktaba, nikatikisa kichwa kukubali. Jioni Baba alipouliza Bibi ameonaje mji, Bibi alisema hewa ni safi, watu ni wakarimu. Nami nikaandika upande wa TWENDE: Bibi anapenda kutembea. Sikuthubutu kumtazama Mama nilipoandika.

Siku iliyofuata tulipanda tena zile ngazi, mimi na yeye. Nilikuwa nikizihesabu kimoyomoyo. Kwenye ngazi ya kumi na nane Bibi aliketi chini ghafla. Aliangaza huku na huku akitafuta kitu cha kusifu, na safari hii hapakuwa na mlango, wala paka, wala hata ukuta. Alifumba macho. Nilimpepea kwa kanga yake huku machozi yakinitoka, nikijiuliza itakuwaje siku nitakapokuwa maktaba nacheka na vitabu, naye yuko peke yake kwenye ngazi hizi. Tulikaa pale muda mrefu kabla hajaweza kusimama.

Jioni ya siku ya mwisho Baba alifungua daftari mezani, akasoma yote kwa sauti. Alisoma mbu, maharage, koti, mkate uliobonyea na mkate uliofaulu. Mama alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini, mfano wa mtoto anayesubiri kuitwa jina. "Na hapa," Baba alisema, "Bibi anapenda kutembea. Basi, naona upande wa kwenda umeshinda."

"Si kweli!" Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Hilo nimeandika uongo. Bibi hawezi kupanda. Anakosa pumzi, anasimama kila mahali akijifanya anasifu vitu. Juzi aliketi kwenye ngazi ya kumi na nane, nikadhani anakufa."

Bibi aliinamisha kichwa. "Mke mwenzangu," alisema polepole, "umeniuza."

Maneno yale yalinichoma. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake, nikalaza kichwa mapajani pake, nikalia kwa kwikwi. "Nisamehe, Bibi. Nilikutaka wewe na maktaba, vyote viwili."

Nilihisi mkono wake ukinigusa nywele. Baba alikuwa amekunja uso, lakini alipotaka kuanza kugomba Mama alimzuia. Aliinuka, akaja kuketi sakafuni karibu yetu.

"Mama," alimwambia Bibi kwa upole, "unadhani ningekuwa na raha gani huko bekari, nikijua nimeipata kazi kwa pumzi zako? Wewe ndiye uliyekuwa ukimlea huyu mtoto nikiwa kazini. Bila wewe nisingeweza kuwa mwokaji hata wa maandazi."

Bibi alifuta macho kwa pembe ya kanga. Kisha Mama akanigeukia. "Na wewe, Karani. Ule mkate wangu uliobonyea niliuleta hapa mkauona wote, ukauandika. Niliona aibu, lakini ndiyo sababu nilitoka kwenda kuuliza, nikajua la kufanya. Kama ningeuficha, mpaka leo ningekuwa naoka mikate iliyobonyea. Tatizo la Bibi tukilijua tutalitafutia njia. Mkilificha, nani atalitafutia?"

Nilichukua kalamu, nikafuta ile sentensi ya uongo. Upande wa TUBAKI nikaandika: Bibi anakosa pumzi. Mama alisema hatuhami mpaka daktari aseme, hata kama kazi atapewa mtu mwingine. Sauti yake ilitetemeka kidogo aliposema hivyo, lakini hakuyarudisha maneno yake.

Asubuhi, kabla ya kupanda basi, tulimpeleka Bibi hospitali. Daktari alimpima kifua, akampima damu, akatikisa kichwa. Alisema damu ya Bibi ilikuwa imepungua sana, na mwili wa namna hiyo hutaabika mahali palipo juu. Ugonjwa ungetibika, ila kama angeendelea kujikaza kisabuni kwenye zile ngazi, siku moja angeanguka. Alimwandikia dawa, akamwambia azitumie kwa miezi mitatu ndipo apimwe upya. "Na mkija kuishi huku," aliongeza, "tafuteni nyumba ya chini, kwenye tambarare."

Mama alimweleza mwenye bekari kila kitu bila kuficha. Yule mzee alikuna kidevu, akasema mtu anayekiri kwamba mkate wake umebonyea ndiye anayemtaka, na atamsubiri.

Miezi mitatu Bibi alimeza dawa huku akizitukana, akala vizuri, akapimwa. Alipopewa ruhusa tukahama. Tulipata vyumba viwili nyuma ya bekari, mahali pa tambarare, na ngazi moja tu mlangoni. Baba alinunua koti.

Jumamosi moja Bibi alitaka kuiona hiyo maktaba iliyokaribia kumtoa roho. Tulipanda taratibu, tukipumzika kila alipotaka. Tulipofika kwenye ule ukuta wa kijivu alisimama.

"Nimechoka," alitangaza kwa sauti, mpaka mpita njia mmoja akageuka.

Tuliketi kwenye kibaraza kilichokuwa mkabala. Alikuwa anahema, lakini kwa utulivu, na midomo yake ilikuwa na rangi. Aliutazama ule ukuta kwa makini.

"Ukuta mbaya huu," alisema. "Sijapata kuona mbaya zaidi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Bibi akanishika mkono, akaacha utani. "Siku ile nilidhani kunyamaza ndiko kuwapenda. Nikakufundisha na wewe kusema uongo, na hilo ndilo linaloniuma. Watu wanaotupenda wanataka kujua tunapoumia, mjukuu wangu. Tukiwaficha tunawanyima nafasi ya kutusaidia. Ulifanya vema kuniuza siku ile, na ukiona nataka kuwaficha tena, niuze tena."

Hakuwa ameniita mjukuu wangu tangu nizaliwe. Nilibana mkono wake.

"Haya, mke mwenzangu," alisema akiinuka, "pumzi imerudi. Tukitoka huko tutapitia ule mlango wa buluu. Ule nilikuwa naupenda kweli."