Leelo na Nakala za Riga

Kengele ya mwisho ilipolia, Leelo Rebane alivaa koti lake zito na glavu, akapanda tramu hadi chuo kikuu alikofanya kazi mama yake. Ndivyo alivyofanya kila siku ya shule. Mama yake, Bi Urve, alikuwa msimamizi wa kitengo cha maktaba ya kidijitali, kwenye ghorofa ya chini kabisa, mahali pasipo na rafu wala vumbi la vitabu, bali kompyuta tupu na mngurumo wa mashine za kupoza hewa. Leelo angekaa jikoni mwa wafanyakazi, ale mkate mweusi kwa jibini, amalize hesabu zake, kisha warudi nyumbani pamoja.

Jumatatu ile ya Januari hakuna aliyemkaribisha jikoni. Wafanyakazi walikuwa wamesimama ukumbini, wengine mikono kichwani. Kwenye kila kioo cha kompyuta palikuwa na rangi nyekundu na maneno meupe: FAILI ZENU ZOTE TUMEZIFUNGA. MSIJARIBU KUZIFUNGUA.

"Mama, kuna nini?"

"Wadukuzi," mama alijibu bila kumtazama. "Wametuingilia. Vitabu, kanda za sauti, kazi za wanafunzi, vyote vimefungwa. Na mitihani ndiyo hii."

Leelo alijua jambo ambalo hakuna mwingine mle ndani aliyelijua.

Jumamosi mchana, mama alipotoka kwenda dukani, aliiacha kompyuta ya kazini wazi juu ya meza ya jikoni kwao nyumbani. Leelo alikuwa akicheza mchezo wa farasi kwenye simu yake, na mwenzake wa darasani, Taavet, alikuwa amemcheka wiki nzima. "Bado una yule farasi kiguru? Hata watoto wa chekechea wanakupita!" Kisha akamtumia anwani ya programu ambayo, alisema, inatoa almasi za bure za mchezo, ila inataka kompyuta. Leelo aliipakua. Kompyuta ikamuuliza kama anakubali, akabonyeza ndiyo. Kidirisha cheusi kikamulika mara moja, kikapotea. Almasi hazikuja. Aliifuta ile programu, akarudi kuketi alipokuwa, na mama aliporudi na mifuko ya viazi na maziwa, akamkuta anasoma kitabu.

Sasa mkuu wa maktaba, Bi Helve, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. "Hii imetoka Riga," alisema. "Wao ndio waliobadilisha mitambo yao wiki iliyopita. Kateni kiungo. Mtu asiguse chochote chao."

Chuo chao cha Tallinn na kimoja cha Riga, nchi jirani ya Latvia, vilikuwa vimeunganisha maktaba zao kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa huku alisoma vitabu vya kule bila kutoka chumbani kwake, na kila chuo kilimtunzia mwenzake nakala za akiba, ili moto au wizi ukitokea huku, vitu viwepo kule. Mtaalamu aliyeisimamia kazi hiyo upande wa Riga aliitwa Valdis. Alikuwa rafiki wa mama. Kila vuli alipokuja kwa mikutano alikula kwao, akamfundisha Leelo kuhesabu kwa Kilatvia na kumcheka alipokwama kwenye saba.

"Si Valdis," mama alisema kwa sauti ndogo. "Namfahamu. Yule hafungi hata mlango wa gari bila kurudi kuuhakikisha."

"Urafiki si ushahidi, Urve," alijibu Bi Helve.

Leelo aliisukuma simu yake hadi chini kabisa ya begi.

Jioni walimkuta jirani yao Kaarin ameketi kwenye ngazi za jengo, fimbo yake nyeupe magotini. Kaarin alikuwa mwanafunzi wa sheria, na macho yake hayakuwahi kuona tangu kuzaliwa. Maktaba ya kidijitali ndiyo iliyomsomea: kompyuta iligeuza kurasa kuwa sauti, naye akasikiliza kwa kasi ambayo Leelo hakuweza kuifuata hata neno.

"Dada Urve, niambie ukweli," alisema. "Kesho itafunguka?"

"Sijui, mdogo wangu."

"Alhamisi nina mtihani. Wenzangu wote wamekimbilia kwenye rafu. Mimi nikimbilie wapi? Kitabu cha karatasi kwangu ni kama tofali." Alitaka kucheka, kicheko kikageuka kwikwi. "Nimesoma miaka yote hii kufika hapa, halafu nifelishwe na watu nisiowajua?"

Leelo aliwapita, akaingia ndani, akajifunika blanketi na viatu vikiwa bado miguuni.

Kesho yake shuleni alimvuta Taavet hadi nyuma ya chumba cha makoti, akamweleza. Kijana yule alibadilika rangi, lakini hakukosa la kusema.

"Funga domo lako! Nani atajua?"

"Wanamsingizia mtu."

"Mtu mwenyewe yuko Latvia huko! Wewe ukisema, anayefukuzwa kazi ni mama yako. Kompyuta si yake? Unataka mle nini, theluji?"

Leelo alirudi darasani na maneno hayo. Baba yake alikuwa amefariki zamani, na nyumba yote ilisimama juu ya kazi ya mama. Kila alipojiambia atasema, alimwona mama akirudi na vitu vyake vya ofisini ndani ya boksi. Akanyamaza siku ile. Supu ikamshinda. Mwalimu alimwita mara mbili asisikie.

Jumatano, walipokuwa wakila chakula cha jioni, simu ya mama ililia. Alikuwa Valdis. Mama aliweka sauti juu, akaendelea kumenya viazi.

"Urve, wamenisimamisha kazi," alisema Valdis. Sauti yake ya masihara haikuwemo tena. "Wanasema niliacha mwanya. Nimekagua kila mahali. Sioni kitu. Sasa nimeanza kujiuliza, labda kweli ni mimi. Labda nimezeeka."

"Acha maneno hayo. Nakala zetu je?"

"Zipo zote, za mpaka Ijumaa. Lakini mkuu wenu amekwishawaambia wakubwa wangu kwamba zina ugonjwa. Hakuna anayejua mdudu aliingia lini na kwa mlango gani, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuziamini. Kesho asubuhi zinafutwa."

Kisu kilisimama mkononi mwa mama. "Zinafutwa? Valdis, hakuna nakala nyingine duniani!"

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia. Sina mwingine wa kulia naye."

Leelo alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Ni mimi," alisema. "Mama, si yeye. Ni mimi."

Aliyasema yote kwa mkupuo: farasi, almasi, kidirisha cheusi, kufuta. Mama hakupiga kelele. Aliketi sakafuni pale pale karibu na jiko, maganda ya viazi mapajani, akamtazama mwanawe kama anayemtafuta kwa mbali.

"Jumamosi saa ngapi?" mama aliuliza mwishowe.

"Ulipokwenda dukani. Mama, watakufukuza?"

"Huenda." Aliinuka, akapangusa mikono. "Vaa koti. Valdis, usikate tamaa. Nakupigia."

Bi Helve alikuwa bado ofisini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimsikiliza Leelo hadi mwisho, kisha akainama mbele yake. "Mtoto, unajua uzito wa unachokisema? Hukutumwa na mama yako kumwokoa rafiki yake?"

"Hapana, Bi Helve. Taavet ndiye aliyenipa anwani. Bado iko kwenye simu yangu. Tazama."

Mafundi waliichukua simu na kompyuta ya mama, wakafunga mlango. Leelo alikaa ukumbini, mama kando yake bila kumgusa. Huko kungoja kulikuwa kubaya kuliko yote. Mafundi walipotoka, mmoja alitikisa kichwa kwa mshangao. "Ni kweli. Mdudu aliingilia kwenye kompyuta hii Jumamosi mchana, akajificha hadi Jumatatu. Nakala za Riga ni za Ijumaa. Ni nzima."

Bi Helve aliunyanyua mkono wa simu akiwa amesimama. Alipiga Riga, akazuia kufutwa kwa nakala, kisha akampigia Valdis nyumbani. Uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni. "Nilikuhukumu bila kukuuliza," alisema. "Naomba unisamehe."

Vitabu vilianza kurudi kesho yake, rafu kwa rafu zisizoonekana. Kwa Kaarin vilichelewa. Aliukosa mtihani wake, ikambidi angoje hadi majira ya kuchipua. Leelo alimfuata mwenyewe, akamweleza mlangoni.

"Sitakuambia si neno," alisema Kaarin. "Ni neno, na linaniuma. Lakini umekuja kwa miguu yako. Hilo pia nimelisikia."

Mama hakufukuzwa. Alikiri mbele ya wenzake kwamba aliiacha kompyuta wazi, akanyang'anywa ruhusa ya kuipeleka nyumbani, na usimamizi wa kitengo akapewa mwingine. Siku alipokabidhi funguo, Leelo alilia ndani ya tramu mbele za watu.

"Mama, kama ningesema Jumatatu?"

"Kaarin angefanya mtihani wake, na Valdis angelala usingizi." Mama alimfuta machozi kwa ncha ya skafu. "Sikiliza, mwanangu. Kosa la kwanza ulilifanya kwa kidole, bila kujua. Hilo hata mimi nimelifanya. La pili ulilifanya kila asubuhi ulipoamka ukajua, ukanyamaza, na hilo ndilo lililowaumiza watu. Siku nyingine ukivunja kitu, hata kama unaogopa, hata kama unaniogopea mimi, sema kingali kinaungika."