Kofia ya Pili Niliikuta Columbus

Nina umri wa miaka hamsini na miwili. Ni mama wa binti mmoja aliyeolewa, na kabla ya kuletwa Marekani nilikuwa mwalimu katika kambi ya wakimbizi nchini Tanzania. Ndugu wasomaji, sikuwahi kuyatoa nje mambo ya nyumba yangu. Wanawake waliofanya hivyo niliwakaripia. Leo ninaandika kwa sababu wivu ulionikaa kifuani umekosa pengine pa kutokea...

Tuliishi Louisville, upande wa kusini, karibu na bustani ya Iroquois, katika nyumba ndogo yenye gereji. Mume wangu, Barnaba, alipanga mizigo katika ghala. Mimi nilihudumia wazee majumbani mwao. Siku za mapumziko Barnaba alishinda kwenye kochi akitazama simu na kunung'unika. Siku moja akaniambia kwamba anatamani kuchomelea vyuma, kwa kujifurahisha tu, kama alivyofanya marehemu baba yake kule Burundi.

Nilifurahi mno! Ni mke gani asiyependa kumwona mumewe akiinuka?

Barnaba hakupenda kusoma, na Kiingereza cha vitabu kilimchosha. Basi nilisoma mimi. Nilielewa kwamba mashine ya bei ya chini kabisa, yenye hatua mbili tu za moto, ingemtobolea mabati na kumvunja moyo. Nikachagua ya MIG, inayotoa waya wa kuchomelea yenyewe, iliyoizidi kidogo: ilitumia soketi ya kawaida ya nyumba, moto wake na mwendo wa waya viliweza kuongezwa na kupunguzwa taratibu, na baadaye ingeweza kuunganishwa na mtungi wa gesi.

Sikuishia hapo. Kibano chake cha ethi, kile kinachobana chuma ili umeme urudi kwenye mashine, kilikuwa hafifu kama cha kuanikia nguo. Nikaagiza kizito cha shaba. Waya uliokuja nayo ulikwamakwama. Nikatafuta rola safi. Tulipopata mtungi wa gesi, nilimsomea namna ya kufungua kifuniko cha ubavuni na kubadilishana nafasi za nyaya mbili za ndani, ya chanya na ya hasi, kwa sababu waya unaotumia gesi na ule wenye unga ndani hazikubali mpangilio mmoja. Mashine ya bei nafuu ikaanza kushona chuma kama cherehani!

Lakini kofia ya kuchomelea, ile yenye kioo cheusi mbele cha kukinga macho na mwanga mkali, ilikuwa moja tu.

Nilipomwomba tununue ya pili, nami nione, Barnaba alinishika bega akasema, "Mama Neema, macho yako ni ya vitabu. Yatunze. Hii kazi niachie mimi."

Niliyachukua maneno yale kuwa mapenzi. Nikaweka kiti changu gerejini nikitazama ukuta, kitabu cha maelekezo mapajani, mume wangu akichomelea nyuma yangu. Niliisikia mashine ikikaanga. Niliona mwanga wa buluu ukiruka ukutani, na kivuli changu mwenyewe kikiruka nao. Chuma kinachoyeyuka sikuwahi kukiona hata siku moja... na nilijiona mke mwenye bahati!

Barnaba alitengeneza mbabula, yale majiko ya mkaa ambayo sisi tuliotoka Burundi na ndugu zetu wa Kongo hatuwezi kuchoma nyama bila hayo. Kanisani aliitwa asimame, akapigiwa makofi. Mama mmoja akanigusa kwa kiwiko: "Mama Neema, mume wako ana mikono ya dhahabu! Mfunge kamba, tutamwiba!" Nilicheka pamoja naye. Nilijiambia kwamba mikono ni yake, lakini macho ni yangu.

Kisha mbabula zikahitajika Columbus, mji wa jimbo jirani la Ohio. Kulikuwa na mjane, Espérance, mama wa Uvira, Kongo, aliyechoma nyama kwenye sherehe za watu. Barnaba alimpelekea moja. Wiki iliyofuata akarudi kuirekebisha miguu. Halafu kifuniko. Halafu akasema ni taabu kubeba vyuma huku na huko, afadhali mashine ikae kule kwa muda...

Mashine niliyoilea mimi!

Kofia aliendelea kuja nayo. Jumapili moja niliisafisha kioo, na kwenye mkanda wa ndani nikakuta unywele wa bandia, mrefu, wa rangi ya divai. Nywele zangu mimi nanyoa. Barnaba akasema, bila kuniangalia, kwamba mteja aliijaribu kichwani kwa utani.

Wasomaji wangu, wengine huona wivu kwa midomo iliyobusiwa. Mimi niliona wivu kwa kioo cheusi! Mwanamke huyo alikuwa ametazama mle ambamo mimi niliambiwa nisitazame. Nilikosa hamu ya chakula. Nilimchukia bila kumjua sura. Tangu hapo kofia nayo haikurudi tena Louisville.

Jumamosi moja nilipanda basi kwenda Columbus bila kuaga. Anwani niliijua vizuri. Ni mimi niliyekuwa nikiagiza rola za waya zifikishwe pale.

Mlango wa gereji ulikuwa wazi. Watu wawili walichutama bega kwa bega, kila mmoja na kofia yake. Ya Barnaba niliitambua. Ya pili ilikuwa mpya, ndogo, yenye maua ubavuni. Mwanga ukawaka... nami, kwa mazoea ya mwili, nikageuka na kuwapa mgongo!

Mnaniona nilivyosimama? Nimesafiri kwenda kuukamata usaliti, nikaupisha umalize mshono wake.

Mwanga ulipozimika, mwanamke akainua kofia akaniona. Nywele za rangi ya divai zikamwagika mabegani. Akatabasamu kwa moyo mweupe kabisa. "Karibu, mama! Bon, ni weye dada yake wa Louisville, mwenye anasomaka vitabu? Anatuambiaka sana juu yako!"

Dada yake!

Nilimwambia kwamba mimi ni mke wa Barnaba, wa ndoa ya kanisani. Espérance akaishusha kofia taratibu. "Barnaba? Donc ulinidanganya?" Barnaba alikitazama kibano cha ethi kama kwamba kingemjibia.

Nilimuuliza Barnaba jambo moja tu: kwa nini Espérance alinunuliwa kofia? Akajibu kwa sauti ndogo, "Huyu aliniomba tuchomelee pamoja."

Na mimi niliomba nini, jamani? Niliomba nini?

Nilidhani atapanda basi pamoja nami. Hakupanda. Nilisikia baadaye kwamba Espérance alimnunia, kisha akamsamehe. Mimi nilihamia Buffalo kwa binti yangu, Neema, anayefanya kazi kiwandani na kukaa karibu na mtaa wa Grant. Nililia hadi Neema akaniambia, "Mama, inatosha. Unataka nini hasa? Sema, tukanunue."

Nikasema nataka kofia ya kuchomelea. Neema akadhani huzuni imenipanda kichwani. Tulinunua kofia mbili, yangu na yake. Mashine ilifuata baadaye, ya bei nafuu kama ile ya kwanza, na kibano chake nikakibadilisha kabla hata ya kuiwasha.

Juzi tukiwa gerejini, tukijiandaa kuiwasha kwa mara ya kwanza, simu ikaita. Barnaba! Baada ya miezi ya kimya!

"Mama Neema, salama huko?" Sauti ilikuwa tamu, ile ya zamani. "Ile mashine imekuwa kichaa. Gesi iliisha, nikarudisha waya wa zamani, ule wenye unga. Sasa inatema cheche kila upande, mshono unamwagika kama uji."

Nilijua palepale. Nyaya mbili za ndani hakuzirudisha mahali pake. Nyuma yake nilimsikia mwanamke akinong'ona, "Muulize, zile za ndani tunageuza ao tunaacha?" Alikuwa amekaribia jibu... na lile "tunageuza" lilinichoma kuliko cheche.

Neno moja lingetosha. Na nakiri, kwa sekunde kadhaa nilitamani kulisema, ili anihitaji tena.

"Imeandikwa, Baba Neema," nikamjibu. "Kitabu kimo ndani ya boksi. Mwambie mwenzako akupe mgongo, aangalie ukuta, akusomee."

Nikakata.

Sijapona. Wivu ungali unaniamsha asubuhi kabla ya Neema. Lakini ninawasihi, dada zangu na kaka zangu pia: msikubali kuwa wasomaji wa furaha ya mtu mwingine. Anayekwambia uyatunze macho yako, mwombe kofia. Akikunyima, jua mapema ni nini anachokuficha, wala usingoje, kama mimi, kukijulia Columbus.

Nilipoweka simu chini, Neema aliuliza kama tuendelee. Tukashusha kofia zetu, nikawasha. Dimbwi la chuma kilichoyeyuka lilikuwa dogo, jekundu, linatetemeka kama jicho la kiumbe hai.

Kumbe ndivyo lilivyo!