Nyumba ya Kobe wa Dorkasi

Kila alfajiri Dorkasi alijitwika kibuyu akamfuata mama yake hadi visima vya mchangani, kule mtoni Kikombo. Mvua zilikuwa zimekwisha na mto umekauka. Maji yalipatikana kwa kufukua mchanga, kisha kuchota kata moja moja. Ndiyo maana Emilia, mama yake, alishika kiuno siku alipomkuta akimimina kibuyu kizima kwenye chungu cha kobe.

"Wewe! Hayo ni maji ya nani?"

"Ya kobe, mama. Yale ya jana yananuka."

"Na hiyo kata mkononi?"

Dorkasi aliitazama. Ilikuwa ile ile ya kunywea.

"Kumbe! Ndiyo maana tumbo linamsokota Yoramu tangu juzi."

"Nimenyweshwa mchuzi wa kobe!" Yoramu, mdogo wake, alidakia mlangoni, akajishika tumbo na kujitupa chini.

Mama hakucheka. "Nisikilize, Dorkasi. Nyumba inanuka, maji yanamwagwa, mtoto anaumwa. Tutakapomaliza kupura uwele, kama hao kobe hawajapata mahali pao, watoke."

Watoke waende wapi? Walikuwa kobe wa majini, na Dorkasi alikuwa amewaokota wote wawili kwenye bwawa lililo kando ya njia ya reli. Wajerumani walikuwa wanaipitisha reli hapo, na vibarua walikuwa wanalifukia bwawa kwa kifusi ili wajenge tuta. Kuwarudisha kule ni kuwazika wazima.

Na hata chunguni hawakuwa na raha. Yule mdogo alivimba macho, akakataa chakula. Kutwa aliogelea akizunguka ukingo wa chungu, kucha zikikwaruza, mpaka akachoka. Dorkasi hakuelewa. Si viumbe wa majini hawa? Maji aliwajazia mpaka juu. Kivuli walikuwa nacho tele, kwa kuwa chungu kilikaa kwenye kona ya giza ndani ya tembe. Alilia kidogo, kisha akajifuta. Machozi hayajengi nyumba.

Mchana ule alikwenda bwawani, upande ambao kifusi kilikuwa hakijafika, akajibanza nyuma ya kichaka. Baada ya kitambo kobe wakaibuka mmoja mmoja. Wakapanda gogo lililoegemea ukingo, wakanyoosha shingo na miguu juani kama wazee walioshiba ugali. Walipokwisha kuota jua, wakatumbukia na kujichimbia topeni.

"Hawataki maji peke yake," Dorkasi alinong'ona. "Wanataka na pakavu. Wanataka jua."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Matonya, baba yake mdogo, aliyefuga nyuki.

"Mbukwenyi, baba mdogo," alimwamkia. "Naomba ule mzinga wako uliopasuka."

"Una nyuki wewe?"

"Nina kobe."

Matonya akaangua kicheko. "Haya, nitakuja kurina asali ya kobe! Mzinga wangu hautolewi bure, binti. Njoo unipurie uwele."

Dorkasi alipura kwa baba mdogo, akarudi akapura na kwao, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Hakuacha. Alipopewa mzinga, ambao ni gogo lililochongwa likawa wazi ndani, aliondoa kipande cha juu kilichopasuka akabaki na kihori kirefu. Nyufa aliziziba kwa udongo wa kichuguu. Kisha akakichimbia kihori uani, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha ukuta mchana. Akatandaza mchanga, akaweka jiwe katikati, akamimina maji na kuwatia kobe.

Kobe mdogo aliliendea jiwe. Akateleza. Akajaribu tena, akateleza, akazama chini akatulia.

"Dada, umemjengea ukuta," Yoramu alisema. "Mlango uko wapi?"

Dorkasi alitamani kumzaba kofi. Lakini mtoto alisema kweli. Aliling'oa jiwe akaenda porini kutafuta gome la mti lenye mikwaruzo. Alililaza mteremko, ncha moja ndani ya maji, ncha nyingine juu pakavu. Akazungushia miiba ili kunguru na mbwa wasifike. Akachonga kata ya kobe peke yao, akaitia alama ya mkaa. Maji machafu akawa anamwagia maboga ya mama, nayo yakachipua majani mapya.

Siku uwele ulipokwisha kupurwa, Emilia alikuja uani, akasimama kando ya kihori. Kobe mdogo alitia kucha kwenye gome. Akapanda polepole, akafika juu, akanyoosha shingo juani. Macho yake yalikuwa yamefumbuka. Aliporudi majini Dorkasi alimtupia mchwa, naye akamdaka mdudu huyo mara moja.

"Amekula! Mama, amekula!"

"Nimeona." Emilia akainama kuukagua mteremko, akautikisa kwa mkono. Ulikuwa imara. "Watakaa."

Dorkasi akaruka kwa furaha.

"Tulia kwanza nikwambie," mama yake alisema. "Mwanzo uliwapa ulichodhani kinawafaa, wakakaribia kufa mikononi mwako nawe unawapenda. Anayefuga hufunza macho yake kwanza, aone mnyama anavyoishi kwao. Halafu hutoka jasho mpaka ampatie. Na wala hamlishi mnyama wake kwa kuwaumiza wa nyumbani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi kanawe mikono kwa majivu, uje ule."