Sensa za Bampa la Nyuma

Haya yalimfika rafiki yangu muuguzi, mtu asiyejua kutunga uongo hata wa kuombea ruhusa kazini. Alikuwa amemgonga mdogo wake akirudisha gari nyuma, akamvunja mguu, na tangu siku hiyo aliogopa kurudisha gari nyuma. Lakini baba yao alisafishwa figo mara tatu kwa wiki, na nyumbani hapakuwa na dereva mwingine.

Akaenda gereji. "Nifungie sensa za kunionya kilicho nyuma ya gari, fundi, nakuomba. Nikimgonga mwingine sitaishi."

"Pole, dada. Nikuwekee za mlio tu, au zenye kioo cha kuonyesha mita?"

Alichagua za kioo. Fundi akatoboa bampa matundu manne, akaunganisha nyaya na taa ya kurudi nyuma, wakazijaribu kwa ndoo. Zilifanya kazi barabara.

Alasiri hiyo alimwacha baba mlangoni mwa hospitali, akateremka na gari hadi maegesho ya chini ya jengo. Umeme ulikuwa umekatika, giza totoro. Akaweka gia ya nyuma.

Pii... pii... Mita moja na nusu.

Akavuta breki ya mkono, akashuka na tochi ya simu. Nyuma palikuwa na sakafu tupu. Akarudi ndani, akafunga milango yote.

Mita moja. Nusu mita. Gari halikuwa limesogea hata unyayo.

"Tafadhali, ondoka hapo nyuma!" alilia.

Mlio ukawa mmoja mrefu, kisha ukakatika. Kimya. Halafu gari likainama polepole upande wa nyuma, kama linavyoinama mtu mzima akiketi kwenye kiti cha nyuma.