Ndoo ya Udongo na Mtoto Asiyepinduka

Kuku akikimbia yai la panzi, jua hapo pana mwenyewe. Capitoline aliliona hilo nyumbani kwake, mtaa wa Nsemulwa, mvua za kwanza za mwaka tisini na nne, mumewe Deusdedit alipotua ndoo ya udongo aliouchimba mbuga ya Katavi. Jogoo alidonoa mara moja tu, akarudi kinyumenyume, akatapika damu.

"Mayai ya nzige wekundu," Deusdedit akasema. Kazi yake ilikuwa kusoma jinsi wadudu wanavyoumbika ndani ya yai. "Kitoto hulala kinyume, siku ikifika kinapinduka. Ila kitoto cha nzi hakipinduki. Ukoo wake uliacha kupinduka lini? Hilo ndilo ninalolitafuta."

"Deusi, ulibisha hodi kabla ya kuchimba?"

"Nimbishie nani, mchwa?"

Basi akawa anachoma mayai kwa sindano ya moto, moja moja, vitoto visipinduke, aone vitakuwaje; yaliyochomwa akiyahifadhi kwenye kichupa. Na mtoto wa miezi tisa tumboni mwa Capitoline naye akatulia, kitako chini.

Siku ya uchungu, mkunga Nyanzala alimpapasa tumbo, akanong'ona: "Hapinduki, mwanangu. Kuna mkono mwingine humu unamshika."

Adhuhuri ya siku hiyo, Deusdedit akiwa humo humo mezani na mayai yake, chumba kikanuka udongo uliolowa, ndoo ikaanza kukwaruza, kwaru, kwaru, kisha ikapasuka, na humo akainuka mwanamke mrefu, mkavu, magoti yamekunjika kwa nyuma, akamkwida Deusdedit shingoni, akampigiza ukutani mpaka plasta ikapukutika, akamshika mguu wa kulia akaupinda kinyume, taratibu, hata goti likalia kama ukuni mkavu na mfupa ukachungulia nje, huku Capitoline akipiga mayowe kwa kuwa kila pigo lilimgonga yeye tumboni.

"Wanangu," jini akasema polepole. "Wote."

"Mrudishie, msomi mzima usiyejua hodi!" Nyanzala akafoka. Akazoa udongo, akazoa na mayai yaliyokuwa mezani, akavifukia uani, akagonga ardhi mara tatu. "Hodi, mwenye mbuga. Msamehe mjinga huyu, hakufundwa."

Hapo hapo mtoto akapinduka. Capitoline alihisi kichwa kikishuka. Akazaliwa wa kike, mzima, analia. Jini hakuonekana tena.

"Ndiyo mayai yote hayo?" Nyanzala akauliza.

"Yote," Deusdedit akajibu kwa meno yaliyoumana, kiganja kimekandamiza mfuko wa shati. Capitoline alisikia kichupa kikigonga kifungo.

Alitaka kusema. Lakini kuku walikuwa wanaingia kulala, kama kila jioni, wakipita mkekani. Walipomfikia mtoto, wakarudi kinyumenyume.